Nazi, Maembe na Hesabu ya Mafuta: Kula Visivyopikwa Mombasa

Mtu anayeishi Mombasa akiamua kula matunda na mboga zisizopikwa, na kupunguza mafuta hadi yabaki kidogo sana, kitakachomsumbua kwanza si upungufu wa matunda. Soko la Kongowea lina matunda mwaka mzima, Marikiti nako hakupungukiwi, na hata asiyetaka kufika sokoni hupitiwa mlangoni na mkokoteni wa mananasi au baiskeli ya madafu. Kitakachomsumbua ni nazi. Nimekula kwa utaratibu huu kwa misimu kadhaa ya maembe, katika nyumba ambayo wengine wote wanakula wali wa nazi, na ninachotaka kueleza hapa ni kwamba ulaji huu ni wa hesabu zaidi kuliko wa imani: anayeijua hesabu yake anaweza kuufuata kwa muda bila kuumia, na asiyeijua hushinda na njaa huku akijiambia kwamba anausafisha mwili.

Utaratibu wenyewe haukuanzia kwetu. Aliyeutangaza zaidi ni Mmarekani Douglas Graham, ambaye aliuwekea kipimo cha themanini, kumi na kumi: angalau asilimia 80 ya kalori za siku zitokane na wanga, ambao hapa maana yake hasa ni sukari ya matunda, protini isizidi asilimia 10, na mafuta nayo yasizidi asilimia 10. Kabla yake walikuwapo wengi waliovisifu vyakula visivyopitishwa motoni, kama vile daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zurich, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwalisha wagonjwa wake matufaha yaliyokwaruzwa, yakichanganywa na lozi na maziwa kidogo. Lakini wengi wa hao hawakuyaogopa mafuta. Mtu anaweza kula visivyopikwa kutwa nzima, kwa korosho, parachichi na mafuta ya zeituni juu ya saladi, na mwisho wa siku ikawa zaidi ya nusu ya kalori zake zimetokana na mafuta, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9 ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4 tu. Hapo ndipo kundi hili dogo linapojitenga na wenzake.

Sasa tuihesabu sahani. Ndizi mbivu ya wastani ina kalori kama 100. Mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, akila ndizi peke yake, atahitaji ndizi 20, na mwanamume anayebeba mizigo bandarini atahitaji zaidi ya hizo. Gramu 100 za nyama ya embe zina kalori 60 hivi, za papai zina 43, za tikiti 30, na za tango 15. Anayetaka kuishi kwa tikiti basi itambidi ale karibu kilo 7 za nyama ya tunda, maganda na mbegu zikiwa zimeshatolewa, na sijui tumbo litakalostahimili hayo siku ya pili. Watu wengi niliowasikia wakisema kwamba matunda hayashibishi, kwamba walitetemeka na kuumwa na kichwa, nikiwauliza walikula nini huniambia bakuli moja la papai asubuhi, saladi ya nyanya na tango mchana, na chungwa usiku. Hicho si chakula cha mtu mzima. Ni kachumbari bila pilau yake.

Anayeufuata utaratibu huu inavyotakiwa hujaza sinia. Asubuhi mimi huanza na papai zima na dafu, kwa sababu kaskazi ikishaanza kuvuma na joto la Mombasa likapanda, mwili hukubali kitu chenye maji kwa urahisi. Mchana ndio mlo mkubwa, na katika msimu wa maembe, yaani kuanzia Novemba hadi Machi, huo ni mlo wa maembe: ngowe zikipatikana, kwa kuwa hazina nyuzi za kukwama kwenye meno, na boribo au dodo zikikosekana. Alasiri ni ndizi kisukari, na jioni ndipo zinapoingia mboga: nyanya, tango, karoti, figili, dania, majani machanga ya mchicha, embe bichi lililokatwakatwa, na ndimu ya kukamulia juu yake. Chumvi naitia kidogo, ingawa wafuasi wakali wa ulaji huu wanaikataa, na sababu yangu nitaieleza.

Kununua matunda ya kiasi hicho ni kazi inayotaka ujuzi wake. Ndizi isiyoiva vizuri bado ni wanga mgumu, nao ukiliwa bila kupikwa hulemea tumbo na kulijaza gesi, kwa hiyo haifai kununua chane moja kila siku kwa kubahatisha. Mimi hununua mkungu mzima na kuutundika jikoni. Chane za juu, zilizo karibu na shina la mkungu, hutangulia kuiva, na za chini hufuata, hivi kwamba mkungu mmoja hujigawia siku wenyewe. Ganda likianza kuwa na madoa ya kahawia ndipo ndizi huwa imefika. Maembe yana hila zaidi. Siku hizi wapo wanaoyaivisha kwa kalsiamu kabaidi, ambayo ikikutana na unyevu hutoa gesi inayolilazimisha ganda kugeuka manjano kabla nyama haijawa tayari. Embe la namna hiyo hupendeza kwa macho, rangi yake ni moja kila upande, lakini ukilinusa penye kikonyo halina harufu, na ukilikata utaikuta nyama iliyo karibu na kokwa ni nyeupe, ngumu na chachu. Kwa hiyo nimezoea kuuliza. "Ami, haya yameiva mtini au yamevumbikwa?" Mzee ninayenunua kwake hanifichi. "Yamevumbikwa, mwanangu, lakini kwa majani ya mgomba, si kwa dawa. Nusa." Nami hunusa, moja moja, naye hungoja bila kukasirika.

Turudi kwenye nazi. Kipimo cha asilimia 10 katika kalori 2,000 ni kalori 200, ambazo ni gramu 22 za mafuta kwa siku. Kati ya hizo, matunda yenyewe yanachukua sehemu yake, maana hata ndizi haikosi mafuta kidogo, na ukila ndizi za kukutosha siku nzima utakuwa umeshapata gramu 7 hivi bila kujua. Zinabaki kama 15 za kutumia utakavyo. Nazi moja iliyokomaa ina nyama ya gramu 400 hivi, na theluthi ya uzito huo ni mafuta, yaani gramu 130 na ushei. Nazi moja, kwa hiyo, ni mafuta ya siku sita. Hata tukiondoa kinachobaki kwenye chicha baada ya kukamua, tui la kwanza, lile zito linalotiwa mwisho kwenye samaki wa kupaka, limebeba sehemu kubwa ya mafuta hayo. Na sisi hatuli nazi mara moja kwa siku. Imo kwenye mahamri, imo kwenye mbaazi zinazoyasindikiza, imo kwenye wali wa mchana na kwenye mchuzi wake, na mboga ya usiku nayo, ikiwa ni mchicha au kisamvu, huungwa kwa tui. Mwenyeji wa bara akiacha mafuta ya kupikia ameacha chupa moja iliyo juu ya kabati, lakini mtu wa Pwani itabidi aiache mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia, na nusu ya mapishi aliyofundishwa na mama yake.

Niliyoyapata baada ya kuhangaika ni kwamba si lazima kuuacha mnazi wote, bali kuzingatia umri wa tunda lake. Dafu changa lina maji matamu na nyama laini kama ute, ambayo mafuta yake ni machache. Likielekea kuwa koroma nyama hukaza na mafuta huongezeka. Likishakuwa nazi ndipo mafuta yanapotimia. Muuza madafu anayeijua kazi yake halipasui kwanza ndipo aone. Huligonga kwa ubapa wa panga, akasikiliza, kisha akakuuliza kama unataka la maji au la kukomba. Ukisema la kukomba, hulifyeka juu, hukuachia unywe, hulipasua katikati, na kwa kipande cha ganda lake lenyewe hukuchongea kijiko. Maji ya dafu moja ni kiasi cha mililita 300, yana kalori 60 tu na potasiamu nyingi, na kwa hiyo yanafaa sana kwa mtu aliyetoka jasho, lakini asije mtu akayahesabu kuwa chakula. Parachichi na korosho nazo huingia kwa kipimo: nusu ya parachichi la wastani ina mafuta ya gramu 15, nazo korosho, za Kilifi au za Kwale, zinakufikisha hapo kwa gramu 35 tu, ambazo ni konzi moja isiyojaa. Chagua kimoja kwa siku. Siyo vyote viwili, na siyo kwa kukadiria.

Ni haki pia kusema kwamba mapishi yetu hayakuwahi kuwa ya nazi tupu. Samaki wa chukuchuku, anayepikwa kwa nyanya na ukwaju au ndimu bila tui, amekuwapo nyumbani tangu zamani, na embe bichi lenye pilipili na chumvi halikuletwa na mtaalamu yeyote wa lishe. Nilipowaeleza watu wa nyumbani kwamba nataka chakula kisicho na nazi hawakushangaa. Walichoshangaa ni kwamba sitaki kipikwe.

Moto, hata hivyo, una kazi mbili ambazo mtu akiuacha inampasa azifanye kwa njia nyingine. Ya kwanza ni kuua vijidudu. Sehemu ya maji ya bomba ya Mombasa hutoka Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yakasafiri zaidi ya kilomita 200; yakifika huja kwa zamu, na yasipokuja tunatumia maji ya kisima yenye chumvi au tunanunua mitungi ya mkokoteni ambayo hatujui imejaziwa wapi. Mji huu unakijua kipindupindu. Anayepika mchicha huusamehe mambo mengi, kwa kuwa sufuria itamaliza kilichobaki, lakini anayeula mbichi hana msaada huo. Mimi huosha majani kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha nayasuuza kwa maji ya kunywa. Kuyaloweka kwenye chumvi au ndimu, kama wengi wanavyofanya, huondoa mchanga na wadudu wanaoonekana, lakini hakutoshi. Matunda ya kumenya ni salama zaidi, mradi mikono na kisu ni safi. Yaliyokatwa tayari na kupangwa barabarani siyanunui, hata jua likiwa kali namna gani.

Kazi ya pili ya moto ni kuondoa sumu na ukali. Kisamvu hakiliwi kibichi kamwe: majani ya muhogo yana viini vinavyotoa sianidi, na kule kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoyafanya yawe chakula. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri humtapisha mtu, hata yakiwa machache. Mchicha uliokomaa, ukiuma jani lake bichi, huacha ukakasi kwenye ulimi na meno, ambao unatokana na oksaleti, na mwenye historia ya mawe kwenye figo asiule kwa wingi. Zaidi ya hayo, karoti iliyochemshwa huutoa utajiri wake wa vitamini A kwa mwili kwa urahisi kuliko iliyo mbichi, na vitamini hiyo haifyonzwi vizuri pasipo mafuta kidogo kwenye mlo uleule, ndiyo sababu korosho zangu nazila jioni pamoja na mboga. Anayesema kwamba kupika huharibu chakula amesema nusu ya jambo.

Upande wa watu nitaupitia haraka, kwa sababu unajulikana. Chakula chetu ni cha sinia, na anayekataa kunyoosha mkono kwenye sinia amekataa zaidi ya pilau. Kwenye harusi moja ya jamaa zetu shangazi yangu aliniangalia kwa muda, akauliza, "Mwanangu, umekatazwa na daktari au una nini?" Nikamwambia sikukatazwa, nataka kula matunda tu. "Matunda ni baada ya chakula," akasema, akanisogezea nyama ya upande wake. Nilikula. Nyumbani kwa mtu mwingine nakula ninachopewa, na sioni kwamba hesabu ya mwezi mzima itaharibika kwa mlo mmoja. Mwezi wa Ramadhani nao siufuati utaratibu huu kabisa. Tende na matunda kwenye futari ni jambo jema, lakini kuzitia tumboni kalori zote za siku kwa matunda peke yake, kati ya magharibi na daku, ni kutafuta kukesha chooni.

Yapo mambo ambayo hesabu ya ndizi haiyatatui. La kwanza ni vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye tunda wala mboga yoyote. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo sana, lakini akikosa kwa muda mrefu hupungukiwa na damu na kufa ganzi miguuni, na mishipa ya fahamu ikishaharibika huenda isirudi kama ilivyokuwa. Linalowahadaa watu ni kwamba ini huweka akiba ya vitamini hiyo ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hujiona mzima na kuanza kuwahubiria wengine wakati akiba inakwisha. Kidonge cha B12 si aibu, nami nakitumia. La pili ni protini: ndizi za kalori 2,000 zina protini ya gramu 25 hivi, ukiongeza nusu kilo ya majani unafika kama 37, na mtu wa kilo 60 anahitaji takriban 50. La tatu ni madini joto, na hapo ndipo inapokuja ile chumvi yangu. Chumvi inayotengenezwa Magarini, kaskazini kidogo mwa Malindi, hutiwa madini hayo kabla ya kuuzwa, na anayeacha chumvi na samaki kwa pamoja amejifungia milango miwili.

Ushahidi wa watu waliokula visivyopikwa kwa miaka mingi upo, nao hauwapendelei sana. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, walichapisha mwaka 1999 utafiti juu ya watu zaidi ya 500 wa namna hiyo. Wanaume walikuwa wamepungua kilo 10 hivi kwa wastani, wanawake 12, na takriban asilimia 30 ya wanawake walio chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au kukatika kabisa. Mwili wa mwanamke unapokosa nishati ya kutosha huanza kufunga shughuli ambazo si za lazima kwa uhai wake, na uzazi ni wa kwanza. Watafiti wa mji huohuo walikuta pia kwamba karibu wote waliowapima meno walikuwa na mmomonyoko wa meno, kwa sababu ya asidi ya matunda yanayoliwa kutwa. Hili la meno lina dawa nyepesi: sukutua kwa maji baada ya kula, na usipige mswaki papo hapo, ila ngoja kiasi cha nusu saa. Lile la kwanza halina dawa isipokuwa kula zaidi, au kuacha. Kwa hiyo mjamzito, anayenyonyesha na mtoto anayekua simshauri aufuate, na mwenye kisukari anayetumia dawa asiguse sinia la maembe kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kwangu mimi utaratibu huu umekuwa wa msimu. Maembe yakiisha, masika yakaingia na kusi ikaanza kuvuma, matunda hupanda bei, asubuhi huwa na ubaridi unaodai uji, nami hurudi kwenye kunde, samaki wa chukuchuku na muhogo wa kuchemsha, nikibakiza matunda hadi saa saba mchana. Mafuta yanabaki kidogo hata wakati huo, na naona mwili unalipokea vizuri zaidi badiliko hilo kuliko ungelipokea lile la kung'ang'ania mananasi ya Malindi mvua ikinyesha.

Anayetaka kujaribu msimu ujao akapime damu kwanza, kiasi cha B12 na cha madini ya chuma, ili awe na kitu cha kulinganisha baadaye. Anunue mkungu kabla ya kununua tikiti. Ajipime uzito mara moja kwa wiki kwenye mizani ileile, na akiona unashuka mfululizo ilhali hakukusudia kupungua, aongeze ndizi kabla hajaongeza saladi, na ukiendelea kushuka hata hivyo, apike.